Constance Applebee: Kocha aliyewapa wasichana wa Marekani magongo

Leo naomba tuiweke siasa pembeni kidogo, tupumue. Nataka niwaletee habari za bibi mmoja Mwingereza, kocha, aliyefariki Januari 26, 1981 akiwa na umri wa miaka 107. Sijakosea kuandika, ni mia moja na saba. Jina lake Constance Applebee.

Mtauliza, huyu mama wa watu anatuhusu nini? Ngojeni kidogo.

Sisi huku Afrika Mashariki ukitaja mpira wa magongo, picha inayotujia ni ya wanaume. Wazee wa Nairobi watakusimulia timu ya taifa ya Kenya iliyoshiriki Olimpiki mara kadhaa kuanzia mwaka 1956. Tanzania nayo ilipeleka wanaume wa magongo Moscow mwaka 1980, wakafungwa na India 18 kwa 0, basi tukanyamaza. India na Pakistan ndio usiseme, kule mchezo huo ni fahari ya taifa, na majina makubwa yanayoimbwa ni ya wanaume.

Sasa vuka bahari uende Marekani. Mwambie kijana wa kiume wa chuo kikuu kwamba unacheza magongo kwenye nyasi, atakuangalia mara mbili. Kule huo ni mchezo wa wasichana. Vyuo vinawapa wasichana udhamini wa masomo kwa ajili yake. NCAA, chama kikubwa cha michezo ya vyuo, kina ubingwa wa magongo wa wanawake tu, wa wanaume hakuna kabisa. Mchezo ni uleule, wachezaji kumi na mmoja kila upande, gongo lililopinda mwishoni, mpira mdogo mgumu ambao ukikupata kwenye ugoko utakumbuka siku hiyo mpaka uzeeni. Lakini kule una jinsia nyingine.

Ilikuwaje? Mara nyingi mambo kama haya hayana jibu moja. Hili, kwa kiasi kikubwa, lina jina la mtu.

Applebee alizaliwa Juni 4, 1873, Chigwell, katika jimbo la Essex, karibu na London. Ukumbuke mwaka huo. Mwaka huohuo, upande wa pili wa Atlantiki, daktari mmoja wa Boston, Edward Clarke, aliyewahi kuwa profesa wa udaktari pale Harvard, alitoa kitabu kuhusu elimu ya wasichana. Hoja yake kwa kifupi: mwili una nguvu zenye kikomo. Msichana anayebalehe akisoma kwa bidii kama mvulana, nguvu zilizotakiwa kwenda kwenye uzazi zinapanda kichwani. Matokeo yake ni msichana mgonjwa na mwanamke tasa.

Msicheke. Wakati ule hiyo ilikuwa sayansi, imeandikwa na daktari mwenye jina, na kitabu kilinunuliwa kama njugu, kikachapwa mara nyingi. Wazazi waliokuwa wanafikiria kumpeleka binti chuoni wakakisoma wakaogopa. Na vyuo vya wanawake, ambavyo ndiyo kwanza vilikuwa vinaanza, vikajikuta vina kesi ya kujibu kila siku ya Mungu: thibitisheni kwamba mabinti hawa hawatatutoka wakiwa maiti.

Utetezi wa vyuo ukawa mazoezi ya viungo. Wakajenga kumbi, wakaajiri walimu wa mazoezi, kila binti akapimwa urefu, uzito, kifua na mapafu, kisha akapangwa mstarini kunyanyua mikono na kuishusha kwa hesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Afya ikapatikana, ndiyo. Lakini raha hapo iko wapi? Ile ni dawa, unakunywa kwa sababu umeandikiwa.

Turudi kwa Applebee. Utotoni alikuwa na afya dhaifu, akasomea nyumbani. Kwa maneno mengine ni yuleyule mtoto ambaye akina Clarke wangesema akae kitini, atulie, ashone. Yeye akachagua njia ya kinyume kabisa: akaenda kusomea ualimu wa mazoezi ya viungo katika chuo kimoja cha London, akahitimu.

Uingereza ya wakati ule ilikuwa imeshaanza kubadilika. Wanawake walikuwa wanacheza magongo. Walipoomba kujiunga na chama cha wanaume, wakakataliwa. Basi mwaka 1895 wakaanzisha chao wenyewe na kukiendesha wenyewe. Hapo pana siri ndogo ambayo tutaiona tena mbele: kwa kuwa walifukuzwa mlangoni, hawakuwa na mwanaume wa kuwaambia wapunguze kasi. Walicheza uwanja mzima na kanuni zilezile. Kilichowazuia ni sketi tu, maana zilikuwa ndefu karibu zisugue ardhi, ikabidi ziwekewe kanuni ya kupandishwa inchi chache ili mtu aweze kukimbia bila kujikwaa.

Kiangazi cha 1901 Applebee, umri miaka 28, akapanda meli kwenda Marekani kuhudhuria mafunzo ya muda mfupi ya walimu wa mazoezi. Mafunzo yalifanyika wapi? Harvard! Palepale alipofundisha yule daktari. Mkuu wa mafunzo alikuwa Dk. Dudley Sargent, jina kubwa sana katika fani hiyo.

Siku moja darasani mazungumzo yakaingia kwenye michezo inayofaa kwa wanawake. Wenyeji wakataja ile ya kuzunguka viti muziki ukipigwa, na ile ya kudondosha leso nyuma ya mtu kisha mnakimbizana. Applebee akashangaa. Akawaambia kwamba kwao Uingereza hiyo ni michezo ya kwenye sherehe za watoto, na wanawake wakitaka mazoezi wanacheza magongo. Sargent akamtaka aonyeshe hicho anachokisema.

Tatizo: vifaa hakuna. Magongo ya nyasi hayakuwepo, mpira haukuwepo, na nyasi zenyewe hazikuwepo. Wakatafuta magongo ya kuchezea kwenye barafu, mpira wakachukua wa besiboli, wakaingia kwenye ua wa saruji nyuma ya ukumbi wa mazoezi, Applebee akawapanga wanafunzi wenzake, mchezo ukaanza. Ndiyo onyesho lenyewe hilo. Ukilitazama kwa macho ya leo lilikuwa vurugu tupu. Hata hivyo, miaka 28 baada ya kitabu cha Clarke, mwanamke aliyekuwa mtoto dhaifu alikuwa anapiga kelele na kukimbia na gongo ndani ya eneo la Harvard, na hakuna aliyezimia.

Miongoni mwa waliotazama alikuwepo Harriet Ballintine, mkuu wa michezo wa Chuo cha Vassar, chuo cha wanawake kule Poughkeepsie, jimbo la New York. Akamwomba Applebee aje kuwafundisha mabinti wake. Applebee akaenda. Habari zikasambaa, na msimu huohuo wa vuli akazunguka vyuo vya wanawake kimoja baada ya kingine: Smith, Wellesley, Mount Holyoke, Radcliffe, Bryn Mawr. Anafika, anapanga mabinti, anawaonyesha kushika gongo, anawaachia kanuni, anapanda treni kwenda chuo kingine. Kabla mwaka haujaisha kikawa kimeundwa chama cha kwanza cha mchezo huo Marekani. Mtu aliyekuja kwa kozi ya kiangazi akawa amenasa moja kwa moja.

Sasa rudini kwenye swali letu la mwanzo. Kwa nini kule ni mchezo wa wasichana? Kwa sababu mlango ulioufunguliwa ulikuwa wa vyuo vya wanawake, na kocha aliyeuingiza alikuwa mwanamke. Wanaume wa Marekani wakati ule walikuwa na besiboli na ule mpira wao wa kugongana, hawakuwa na nafasi ya kitu kingine. Walipokuja kushtuka, magongo yalikuwa yameshavaa sketi.

Kuna jambo la pili, na hili kwangu ndilo kubwa. Ule mpira wa kikapu uliobuniwa Marekani mwaka 1891 ulifika kwa wanawake karibu mara moja, kupitia mwalimu Senda Berenson wa Chuo cha Smith. Lakini kwa hofu ya zama zile ilibidi aupunguze makali: uwanja ukagawanywa sehemu tatu, mchezaji haruhusiwi kutoka kwenye sehemu yake, kumpokonya mwenzako mpira marufuku. Simlaumu, bila hivyo pengine wangeufungia kabisa. Ila tazama tofauti. Magongo ya Applebee yaliingia mazima. Uwanja wote ni wako, kimbia mpaka pumzi ikuishie, mpokonye mpinzani mpira, funga goli. Aliuleta kutoka Uingereza kama ulivyo, kwa vile wenzake kule walishakatalia kupunguziwa.

Mwaka 1904 Chuo cha Bryn Mawr, karibu na Philadelphia, kikamwajiri rasmi asimamie michezo, na baadaye idara nzima ya mazoezi. Mkuu wa chuo alikuwa M. Carey Thomas, mwanamke mkali na msomi wa hali ya juu. Thomas mwenyewe alikuja kusimulia ukubwani jinsi kitabu cha Clarke kilivyomtesa kama zimwi alipokuwa kijana, asijue kama kweli mwili wa mwanamke utastahimili chuo. Sasa ana chuo chake, na amempata kocha ambaye kila jioni anamjibu yule daktari bila kufungua mdomo wa mabishano.

Applebee alikaa Bryn Mawr karibu robo karne. Mashindano yalikuwa kati ya madarasa ya mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa nne, na kila darasa lilikuwa na zaidi ya timu moja. Hata yule asiyejua kukimbia alikuwa na mahali pa kucheza, na alipocheza vibaya aliambiwa hivyo waziwazi. Maana kocha huyu hakuwa mpole, jamani. Sauti yake ilivuka uwanja, na maneno yake yalikuwa mafupi na makali. Wachezaji walimpachika jina la The Apple, yaani Tufaha. Walimwogopa, walimcheka wakiwa mbali, na wengi wao wakaja kuwa walimu wa michezo wakiiga mpaka namna yake ya kusimama.

Hapo kwenye kuwa walimu ndipo hesabu yake inapoanza kuwa kubwa. Kabla ya watu kama yeye, kazi ya kocha wa wasichana haikuwepo kama kazi ya kueleweka, yenye mshahara na heshima. Mabinti wa Applebee walihitimu, wakatawanyika kwenye shule za sekondari za Pennsylvania, New England na kwingineko, wakaanzisha timu, nazo timu zikatoa wachezaji, nao wachezaji wakatoa walimu. Unapanda mbegu moja, unavuna shamba.

Miaka ya 1920 ndiyo aliyofanya kazi kama mtu mwenye mwili tatu. Mwaka 1920 timu ya wanawake wa Philadelphia ilivuka bahari kwenda kucheza Uingereza, na mwaka uliofuata Waingereza wakaja kulipa ziara. Januari 1922, kule Philadelphia, kikaanzishwa chama kipya cha taifa cha magongo ya wanawake. Akaanzisha jarida la The Sportswoman, moja ya majarida ya mwanzo kabisa ya Marekani yaliyoandika habari za wanawake wanamichezo tu, tena wakati magazeti mengine yakimwandika mwanamke uwanjani ni kwa sababu ya kofia yake. Na akaanzisha kambi ya magongo kwenye milima ya Pocono, Pennsylvania. Kila mwisho wa kiangazi, kabla shule hazijafunguliwa, walimu na wanafunzi walipanda mlimani kujifunza, na makocha wengine aliwaleta kutoka Uingereza. Mchana magongo, jioni nadharia ya magongo, usiku miguu inauma.

Ila msidhani upinzani ulitoka kwa wanaume peke yao. Mwaka 1923 viongozi wanawake wa elimu ya michezo, kukiwa na mtu mzito kama Lou Henry Hoover ambaye baadaye mumewe alikuwa Rais, waliunda chombo kilichopinga mashindano makubwa ya wanawake. Hawakuwa na nia mbaya. Waliona michezo ya vyuo ya wanaume ilivyoingiliwa na pesa, kamari na majeraha, wakasema wasichana wetu tusiwafikishe huko, wacheze wote kwa afya na furaha. Sehemu ya kila msichana acheze, Applebee alikubaliana nayo, ushahidi ni zile timu zake za madarasa. Lakini hofu ile ilizaa siku za michezo ambapo vyuo vilikutana, wachezaji wakachanganywa kwenye timu moja ili asipatikane mshindi, kisha wakanywa chai. Watu wa magongo wakaendelea na vilabu vyao, mashindano ya miji na timu ya taifa. Wakabaki karibu peke yao na hamu ya kushinda, kwa miaka mingi.

Kwa njia hiyohiyo ya walimu wanawake kutoka Uingereza ndipo ulipoingia mchezo mwingine, lakrosi. Kwa asiyeujua: unashika fimbo yenye kikapu cha wavu mwishoni, unabeba mpira humo, unakimbia, unamrushia mwenzako. Asili yake ni wenyeji wa Amerika Kaskazini, watu wa Haudenosaunee na wengineo. Wanawake walianza kuucheza mwaka 1890 kwenye shule ya St Leonards, Scotland. Mwanafunzi wa shule hiyo, Rosabelle Sinclair, akaupeleka kwa wasichana wa Baltimore mwaka 1926, na mwaka 1931 kikaundwa chama chao cha taifa. Vyuoni ikawa kawaida: kocha mmoja, vuli anafundisha magongo, machipuko anafundisha lakrosi. Wale makocha wa lakrosi wa vyuo vya wanawake mnaowaona leo kwenye runinga za Marekani wamekaa kwenye kiti ambacho kizazi cha Applebee ndicho kilikichonga. Lakrosi imeshafika hata kwetu, timu ya wanaume ya Uganda ilicheza mashindano ya dunia Denver mwaka 2014, ya kwanza kutoka Afrika.

Sasa wadau, nisimchore malaika. Kuna upande ambao waandishi wa sifa huwa wanauruka. Mlango ule ulikuwa wazi kwa nani? Kwa mabinti wa Kizungu wenye uwezo, basi. Mwaka uleule wa 1901, wakati Applebee anapiga mpira kwenye saruji ya Harvard, binti mweusi wa Philadelphia, Jessie Fauset, alikuwa amemaliza shule kwa alama za juu na kuielekea Bryn Mawr. Carey Thomas aliona bora asaidie apate ufadhili wa kwenda Cornell kuliko kumpokea. Fauset akaja kuwa mwandishi mkubwa. Mweusi wa kwanza kuhitimu Bryn Mawr alikuwa Enid Cook mwaka 1931, Applebee akiwa ameshaacha kazi pale. Sheria za chuo hazikuwa za kocha, lakini uwanja wake ndani ya chuo kile ulikuwa hivyo, na lazima tuseme. Mtu anaweza kuvunja ukuta mmoja huku nyumba aliyomo imejengwa kwa ukuta mwingine.

Na mnajua kwa nini habari ya huyu bibi ilinishika? Shule moja niliyosoma, jina naliacha, kipindi cha michezo wavulana tulikuwa tunapewa mpira na uwanja. Wasichana walipewa mpira wa pete, lakini mpira ukipasuka, na ulikuwa unapasuka kila muhula, hakuna aliyehangaika kununua mwingine. Walikuwa wanaishia kufagia uwanja au kutushangilia. Hakuna aliyewakataza kucheza. Hakukuwa na mwalimu wa kuwafundisha, ndiyo hivyo tu. Hata huo mpira wa pete wenyewe ulitoka kwenye vyuo vya walimu wa mazoezi wanawake wa Uingereza, zama hizohizo za Applebee. Mchezo ulifika kwetu, ila kwa shule ile yule mwalimu mwenye sauti ya kuvuka uwanja ndiye hakufika.

Baada ya kuacha Bryn Mawr, Applebee hakustaafu kwa maana tunayoijua sisi. Akawa mtu wa kuvuka Atlantiki, nyumbani kwake Uingereza kisha kambini Pocono. Hakuolewa. Alipokuwa amepita miaka 90 bado alikuwa anasimama pembeni ya uwanja akiwafokea vitukuu vya wanafunzi wake wa kwanza. Mwisho alitulia Burley, kijiji cha New Forest kusini mwa Uingereza.

Akiwa huko uzeeni, mambo yakaanza kuiva. Mwaka 1972 Marekani ikapitisha sheria inayokataza ubaguzi wa kijinsia kwenye elimu inayopokea fedha za serikali kuu, na vyuo vikalazimika kuwapa wasichana bajeti ya kweli ya michezo. Mwaka 1980, kwa mara ya kwanza, magongo ya wanawake yakaingia Olimpiki, Moscow. Wanaume walikuwa wanayacheza Olimpiki tangu 1908. Timu ya wanawake ya Marekani ilifuzu, lakini nchi yao ikasusia kwa sababu ya Afghanistan, Kenya nayo ikasusia. Tanzania tulienda, na ndiko Bayi na Nyambui walikopata fedha.

Na nani alichukua dhahabu ya kwanza kabisa ya magongo ya wanawake duniani? Zimbabwe! Nchi imepata uhuru Aprili, wakaalikwa wiki chache tu kabla ya michezo kuziba nafasi za waliosusia, wakaunga timu haraka haraka, na Julai 31 wakaifunga Austria 4 kwa 1 wakawa mabingwa. Wachezaji wote walikuwa Wazungu, katika nchi mpya ya Waafrika. Mnaona? Ule ukuta wa pili ulikuwa bado umesimama hata siku ya sherehe.

Applebee alikuwa hai siku hiyo, umri miaka 107. Akafariki miezi sita baadaye. Mwaka huohuo wa 1981, mwezi Novemba, NCAA wakafanya ubingwa wao wa kwanza wa magongo ya wanawake wa vyuo, na mwaka 1982 ukafuata wa lakrosi ya wanawake. Mwaka 1984 kule Los Angeles wanawake wa Marekani wakapata shaba ya Olimpiki. Bryn Mawr wana uwanja unaoitwa kwa jina lake mpaka leo.

Ukitafuta makombe yake hutapata kabati la kukushangaza. Kocha siku hizi tunampima kwa makombe, na akipoteza mechi tatu tunataka afukuzwe. Kwa kipimo hicho Applebee angekuwa wa kawaida tu. Mimi nampima kwa kitu kingine: alipoondoka uwanjani, ni wangapi waliokuwa wanajua kufundisha? Kwake jibu ni maelfu, vizazi vinne au vitano, na daktari Clarke akabaki kwenye historia kama kichekesho.

Yeye hakuandika kitabu cha kumjibu. Alishika gongo, akawaambia mabinti wakimbie.

Sasa tuje nyumbani. Nani kwenye shule yako, wilaya yako, mtaa wako, aliwafundisha wasichana mchezo kwa miaka bila mtu kumjua? Mwalimu wa mpira wa pete, wa riadha, wa soka ya wanawake kabla haijawa habari ya magazeti? Mkimkumbuka mwandikeni hapo chini kwenye maoni, na kama bado yupo hai, basi mpigieni simu leo, msisubiri afike 107.

Nawasilisha.